Walileta Mbogo Kwenye Mahari Yangu

Wengine mahari yao ilikuja na nyimbo na vigelegele.

Yangu ilikuja na kamba shingoni, inakoroma, na ilipofika langoni ikampiga kichwa mjomba wa mchumba wangu, akaangukia kwenye mtaro.

Msicheke kwanza. Kicheko kipo, ila kiko mbele.

Naitwa Virginie. Nimekulia Lubumbashi, komini ya Annexe, kule nyumba zinakoisha na mashamba yanakoanza. Ninayowasimulia yalitokea mwaka 1997, mwezi wa nne, nchi ikiwa imebakiza wiki chache tu kubadilisha jina.

Siku zile mshahara ulikuwa hadithi ya zamani. Watu wenye diploma walilima mahindi mpaka ukingoni mwa barabara. Waasi walikuwa wanakaribia. Askari wa serikali walijua kwamba wakati wao umekwisha, na sisi tulijua kwamba askari anayekimbia haondoki mikono mitupu.

Katikati ya fujo hiyo yote, mimi nilikuwa na shida moja tu.

Séverin.

Séverin alikuwa fundi wa redio. Mrefu, mpole, mwenye kicheko cha kuchelewa. Unampa kichekesho asubuhi, anacheka mchana, watu wameshasahau. Nilimpenda hivyo hivyo alivyo.

Lakini alikuwa Mkatanga wa Kipushi. Na baba yangu, papa Ntumba, alikuwa Mkasai aliyefukuzwa Kambove.

Wa huku kwetu mnajua maana yake. Wengine niwaeleze kidogo: mwaka 1992 Wakasai waliambiwa warudi kwao. Baba kwao palikuwa hapo hapo Kambove, nyumba alijenga mwenyewe. Tukalala kwenye gare ya Likasi, watu juu ya watu, tukingoja treni. Wengine walipanda, wakaenda Kasai ambayo hawakuwahi kuiona. Sisi tukaishia Lubumbashi kwa ndugu wa mama, tukaanza upya na sufuria mbili.

Kwa hiyo, kwa baba, neno "Mkatanga" na neno "mkwe" hayakukaa kwenye mdomo mmoja.

Ila baba ni mtu wa adabu. Ukoo wa Séverin ulipokuja kubisha hodi, aliwapa viti. Aliwapa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, baridi kabisa. Akatabasamu. Kisha akasema:

"Mi siko nakataa. Mulete vyote vya desturi. Na ngombe moya. Muzima. Aingie mu lupango na miguu yake mwenyewe."

Lupango ni ua wa nyumba. Ng'ombe uani! Lubumbashi! Mwezi ule ambao hata panya walikuwa wanatembea kwa tahadhari!

Mama, tukiwa naye jikoni, akanivuta sikio. "Papa yako amekataa na kicheko," akasema. "Na kama ngombe haonekani, tunapanda treni ya Kasai. Ameshaongea na bantu ba gare."

Nikakimbilia mlangoni kuchungulia.

Sebuleni, mjomba wa Séverin alisimama. Noko Mulenga, ndivyo tulivyomwita. Noko ndiyo mjomba kwetu. Mtu mfupi, kifua mbele, ndani ya kostimu ya buluu aliyoishonesha kwa ajili ya posa hiyo. Alifunga kifungo cha koti taratibu.

"Papa Ntumba, tumesikia. Ngombe atakuya."

Baba akamwongezea munkoyo. Nadhani alimwonea huruma.

Sasa sikilizeni ng'ombe alivyopatikana. Haya nilisimuliwa na Séverin, aliyekuwepo.

Walizunguka siku na siku. Mashamba yote ya barabara ya Kipushi yalikuwa matupu. Wenyewe wamekimbia, mifugo imeliwa. Siku moja asubuhi wakakuta kamyo ya jeshi imekwama kwenye tope. Askari mmoja peke yake, bila kofia, anatetemeka. Wenzake wamemwacha. Nyuma ya kamyo kuna magodoro, milango ya watu, na mnyama mmoja amefungwa kamba.

"Weye iko na gani pale nyuma?" noko akauliza.

"Ngombe," askari akasema. "Nimetoa ku ferme moya, shamba ya hapa karibu. Unataka? Nipe shati, nipe suruali, nipe kitu chochote cha raia. Waasi bakinikuta na hii uniform, nimekwisha."

Noko Mulenga aliitazama kostimu yake. Akaitazama mara ya pili, kama mtu anayeagana na ndugu.

Akaivua palepale barabarani.

Ndivyo alivyotembea mpaka Annexe akiwa na fulana na kaptula ya ndani, anavuta kamba, Séverin anasukuma kwa nyuma. Njiani mnyama aligoma mara nyingi. Ila walifika.

Nilikuwa wa kwanza kumwona langoni.

Alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, mweusi mwenye wekundu kwa mbali, manyoya yamesimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Pembe fupi, zimeanza kujikunja. Masikio makubwa yamelegea chini ya pembe, yana nywele pembeni kama vitambaa vya meza vilivyochakaa. Pua inang'aa maji.

Na alikuwa anatazama. Ng'ombe anakupitia tu na macho yake. Huyu alinitazama mimi, Virginie, kana kwamba anataka kujua jina la ukoo wangu.

Hapo ndipo alipompiga noko kichwa cha mgongo, noko akaingia kwenye mtaro.

Kisha akaingia mu lupango. Na miguu yake mwenyewe.

Baba aliitazama ile miguu, mmoja mmoja. Neno lake ni neno. Akasema tu, "Mumufunge pale karibu na mbuzi."

Nilitaka kuruka. Nikajizuia, nikaenda kurukia jikoni.

Furaha yangu haikufika jioni.

Jirani yetu alikuwa papa Adalbert, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Kivu ya Kaskazini. Alikuwa na kamyo yake na ghala la chumvi na samaki wakavu mjini. Kwa kuogopa kuporwa, alihamishia magunia kwetu, nyuma ya nyumba. Alikuja na gunia begani, akapita karibu na mbuzi, akasimama. Gunia likaanguka.

"Papa Ntumba." Sauti ilikuwa ndogo. "Nani alikuambia hii ni ngombe?"

"Bakwe zangu."

"Hii ni mbogo."

Mbogo. Nyati wa porini, kwa wale wasiojua.

"Mi nimekulia kandokando ya parc ya wanyama kule kwetu," Adalbert akaendelea, anarudi nyuma hatua kwa hatua. "Simba anamukimbiaka mbogo. Mbogo anachungaka wenzake: ukikamata moya, kundi zima linarudi. Na hasahau. Ukimujeruhi leo, anajifanya ameenda, kumbe amezunguka, anakungoja mu majani nyuma yako. Unaona anavyosimama? Kichwa juu, pua mbele? Njo vile anasimamaka kabla ya kukuya kukuua."

Tukamtazama. Kichwa kilikuwa juu. Pua ilikuwa mbele.

Mama alinishika mkono. Mimi nikamshika mbuzi.

Baba uso wote ulibadilika. Siyo kwa hofu. Kwa uchungu. "Baliniletea munyama ya pori," akasema. "Juu ya binti yangu. Bananicheka. Muwaite. Kesho."

Nikajua nimekwisha. Nikaanza kufikiria treni.

Lakini kesho yake milio ya bunduki ilianza mjini, na hakuna aliyekwenda kumwita mtu yeyote. Tulijifungia. Mbogo alikuwa amekata kamba tangu alfajiri, akawa anatembea mu lupango anavyotaka. Hakumgusa mtu. Alichofanya ni kuwachukua mbuzi wetu wawili.

Nasema kweli, aliwachukua. Mbuzi wakienda kwenye majani, yuko nyuma yao. Wakilala, analala mgongo wake ukiwagusa. Mbwa wa jirani alipochungulia kwenye ua, aliinuka akasimama kati ya mbwa na mbuzi, bila kelele. Mbwa akakumbuka ana shughuli kwingine.

Mchana wa siku ile, lango letu likasukumwa.

Askari wawili. Bunduki, macho mekundu, mfuko mtupu wa kujaza. Mama alikuwa uani anaanika mihogo. Hakuwa na pa kukimbilia.

Mbogo alisimama. Akainua kichwa. Akawatazama.

Basi. Hakufanya kingine. Aliwatazama tu, mbuzi wakiwa nyuma yake, na pua yake ikitoa pumzi kubwa kama mtu anayekaribia kupoteza uvumilivu.

Askari wa mbele akaitazama bunduki yake, akamtazama mbogo, akapiga hesabu zake.

"Pardon, maman," akasema.

Akafunga lango. Taratibu. Mpaka na kikomeo, kwa kupitisha mkono juu.

Habari iliruka ua baada ya ua. Kufikia jioni, avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa inaleta vitu kwetu: cherehani, magodoro, friji, vioo, hadi jeneza moja ambalo seremala hakutaka lichukuliwe. Watu walivipitisha juu ya ukuta, maana hakuna aliyetaka kupita langoni. Lupango letu likawa salama kuliko benki.

Baba aliona yote. Na jioni nilimwona anammiminia mbogo maji kwenye beseni, kisha analisukuma kwa fimbo ndefu, kidogo kidogo.

Bunduki ziliponyamaza kidogo, baba alituma mtu. Noko Mulenga akaja, sasa amevaa shati la kuazima, na Séverin nyuma yake.

Mimi nilikuwa kwenye jiko letu la nje, kile chumba cha matofali kwenye kona, nasonga bukari, ugali wetu. Baba alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, hotuba iko tayari mdomoni.

"Mulenga," akaanza. "Weye ulinidharau..."

Noko alikuwa ameshaingia langoni.

Mbogo aliyekuwa amelala na mbuzi akainuka. Kichwa juu. Pua mbele. Kisha akakimbia, moja kwa moja, kwa noko.

"Anakumbuka!" Adalbert akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. "Njo yeye alimuvuta kamba! Anakumbuka! Kimbieni!"

Noko alikimbia. Alimkimbilia baba. Baba, akiona mjomba na mbogo wanamjia kwa pamoja, naye akakimbia. Wazee wazima, wawili, mmoja bado ameshika hotuba yake. Walipanda juu ya friji ya jirani, kutoka kwenye friji wakapanda bati la jiko. Friji ikaanguka.

Wakabaki juu.

Séverin aliruka ukuta akawa upande wa Adalbert. Mama alikuwa ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa chini yao kabisa, na mlango wa jiko umezibwa na mgongo mweusi unaojikuna kwenye tofali.

Bati lililia juu ya kichwa changu. Vumbi likaingia kwenye bukari.

"Unaona?" niliisikia sauti ya baba. "Unaona kintu umeniletea?"

"Papa Ntumba, mi sikujua. Mi niko mutu wa mu ville. Alisema ni ngombe."

"Munatuchukia mpaka munatuletea kifo kwa kamba!"

Mbogo alikoroma. Mimi nikaacha mwiko.

Aliposema tena, noko alisema kwa upole: "Papa, juu ya nini unafikiri tunakuchukia?"

Ndipo baba akasema. Mambo ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia. Alisema juu ya mlango wa nyumba yake ya Kambove, alivyoupaka rangi ya kijani mwenyewe, na alivyouona unapita barabarani juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa akinywa naye. Alisema watu walivyoimba wakati wanatufukuza. Alisema alivyomzika dada yake mdogo karibu na gare ya Likasi, na hakumbuki vizuri ni wapi.

Nilikaa chini sakafuni.

Kisha noko Mulenga akasema:

"Bibi yangu alikuwa Mukasai."

Bibi, kwetu, ni mke.

"Delphine. Tuliishi Likasi. Batu balikuya, balisema aende. Nilimushika mukono, tukaenda wote ku gare. Mi nilitaka kupanda naye. Kaka zake balinitoa mu wagon. Balisema: weye uko mutu wao, baki na batu bako. Treni ikaenda. Sijamuona tena." Akakohoa. "Huku bananiita bwana ya Mukasai, kule baliniita Mukatanga. Séverin aliponiambia anapenda binti ya Ntumba, papa, nililia. Nilisema, hii moya, haitavunjika. Hata kama ni kutembea bila nguo."

Bukari yangu iliungua. Nilinusa, na sikuinuka.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alitoka kwa mlango wa nyuma na maganda ya mahindi, akawaita mbuzi. Mbuzi wakaenda. Mbogo alitazama juu ya bati mara moja, kama mtu asiyetaka kuondoka, kisha akawafuata mbuzi wake nyuma ya nyumba.

"Bameenda!" nikaita. "Mushuke!"

Hakuna aliyeshuka.

Nikatoka nje nikatazama. Walikuwa wamekaa ukingoni mwa bati, miguu inaning'inia, wanaongea. Baba alikuwa anamuuliza noko kama anakumbuka yule mwuza maandazi wa pale gare ya Likasi. Séverin aliegemeza ngazi. Walishuka pale walipotaka, chakula kikiwa tayari, na walikula bukari iliyoungua bila kulalamika.

Siku chache baadaye waasi waliingia mjini na watu wote wakamiminika barabarani kushangilia. Tulicheza mpaka viatu vikafunguka. Katikati ya umati noko alinigusa bega, akanionyesha mtu. Mtu mrefu, mwenye kostimu ya buluu, mikono ya koti imeishia kwenye viwiko, anacheza kuliko wote.

"Njo ile kostimu yako!" nikasema. "Umwite!"

Noko alicheka. "Muache. Yeye pia ni mutu wa dot, wa hii mahari yako."

Sasa, mbogo tumfanye nini?

Avenue nzima ilikuwa na jibu moja: sufuria. Na siwalaumu, njaa ilikuwepo. Ila kumchinja mbogo si kumchinja kuku. Hakuna aliyejitolea kushika miguu. Baba naye alikataa kabisa.

"Huyu alichunga vitu vya bantu bote," akasema. "Arudi kwao. Ile ferme."

Adalbert alitoa kamyo yake. Ikawa kazi ya kumpandisha. Walijaribu kamba, akawavuta vijana wanne kama kitambaa. Walijaribu majani, akawatazama tu. Adalbert alikuwa juu ya kabini anatoa maelekezo, na hakuna maelekezo yaliyokuwa na maana.

Mimi nikakumbuka siku ya maganda. Nikamwambia mama, nikawafungua mbuzi wetu, nikawapandisha kwa ubao uliowekwa nyuma ya kamyo. Mbuzi walipanda wakilalamika.

Mbogo alisikia sauti yao kutoka juu. Akaja. Akaweka kwato moja kwenye ubao, akaunusa, akapanda kama abiria mwenye tikiti.

Tukaenda barabara ya Kipushi: mimi, baba na Adalbert mbele, Séverin na noko Mulenga wameshikilia nyuma ya kabini, kwa juu kabisa, mbali na pembe.

Ferme tuliipata kwa kuuliza. Nyumba haikuwa na madirisha wala milango. Lakini nyuma, bondeni, kulikuwa na ng'ombe wachache waliofichwa kwenye matete, na mzee mmoja mwembamba mwenye buti za mpira. Jina lake Dominique. Mwenye shamba alikimbia, yeye alibaki.

Tulifungua kamyo. Mbuzi wakashuka, mbogo akashuka nyuma yao. Akasimama. Akanusa hewa. Akamwona yule mzee.

Kichwa juu. Pua mbele.

Akaondoka mbio.

"Kimbia, muzee!" tulipiga kelele sote. Adalbert alifumba macho. Baba alishika kichwa.

Mzee Dominique hakukimbia. Alisimama pale pale, amefungua mikono.

Mbogo akafika kwa kasi ile ile, akakanyaga breki, akasukuma kichwa chake kikubwa chini ya kwapa la mzee. Akabaki hapo. Anapumua. Mzee anamkuna nyuma ya sikio anamwita "Madame, Madame, ulikuwa wapi, Madame."

Tulibaki midomo wazi.

Mzee akatueleza. Alimwokota mdogo, mama yake ameuawa na wawindaji kule upande wa Kundelungu. Akamlea kwa chupa ya maziwa, akakua na ng'ombe. Mbogo hawezi kukaa peke yake, akasema, akikosa kundi lake anatafuta jingine. Na mtu anayemhesabu kuwa wa kundi lake, anamkimbilia. Anamsukuma kwa kichwa. Ndiyo salamu yake.

"Lakini alitaka kumuua huyu!" baba akasema, anamwonyesha noko Mulenga. "Alitupandisha mpaka ku bati ya jiko, akabaki chini anajikuna!"

Mzee alimtazama noko. "Weye ulimufanyia nini?"

"Kitu hapana," noko akasema. "Nilimuvuta tu. Njiani alikuwa analia, nilimupa chumvi kidogo mu mukono. Nilimuimbia."

Mzee Dominique alicheka mpaka akaegemea mbogo. "Papa, huyu anakupenda. Mbogo akikuya kuua, hasimamake chini ya jiko kujikuna. Lile jiko lingeanguka, na nyinyi wawili juu yake."

Noko akaushika mgongo wake, pale alipopigwa siku ya kwanza.

Kisha Séverin akaanza kucheka. Safari hii hakuchelewa. Akafuata Adalbert, akafuata baba. Baba yangu, ambaye tangu Kambove alikuwa anacheka kwa midomo tu, alicheka mpaka akakaa kwenye majani, machozi yanashuka, anampiga noko Mulenga kwenye goti. "Tulikimbia salamu! Mulenga! Tulikimbia salamu!"

Noko alimsogelea mbogo. Polepole. Madame akainua kichwa, akampiga kifuani, noko akakaa chini. Hapo hapo akamkumbatia shingo.

Msije mkajaribu hivyo kwa mbogo wa porini. Yale ya Adalbert yote ni kweli, mzee Dominique mwenyewe alithibitisha. Mbogo wa porini hamjui mtu, na ukimwona, tafuta mti.

Wakati wa kurudi, tukaenda kuwachukua mbuzi wetu.

Madame alisimama mbele yao. Baba akajaribu upande wa kulia. Madame akahamia kulia. Baba akajaribu kushoto. Ng'ombe nao wakaja, wakasimama na Madame, mstari mzima, wanatutazama.

Mzee Dominique akakuna kidevu. "Hao beko ba kundi sasa, papa. Mi siwezi kitu."

Ndivyo tulivyorudi Annexe na kamyo tupu. Tulipofika mjini, akamgeukia noko Mulenga, aliyekuwa amebanana nasi mbele safari hii.

"Mulenga. Mbogo yako imerudi kwao. Mbuzi zangu zimebaki. Mi njo baba ya kwanza mu hii ville kulipa dot ili binti yake achukuliwe."

"Tukurudishie mbuzi, papa?"

"Hapana. Mumuchukue tu. Mumuchunge."

Tulifunga ndoa mwezi wa sita, nchi ikiwa na jina jingine. Chakula kilikuwa sombe, yaani kisamvu, na samaki wa Adalbert. Noko Mulenga alikaa meza moja na baba. Baadaye baba aliulizia Kasai kupitia watu wa kanisa, mpaka habari za Delphine zikapatikana: yuko Mwene-Ditu, mzima, ameolewa tena na ana watoto. Alimtumia noko salamu ndefu. Noko alizisikiliza kwa kusimama. Kisha akasema aksanti, akatoka nje kidogo, akarudi akaomba munkoyo.

Mimi na Séverin tuna watoto watano. Kila wanapogombana na majirani, huwaambia ninachowaambia nanyi mliosoma mpaka hapa: siyo kila anayekukimbilia amekuja kukuumiza. Kaa mbali ikibidi, panda bati ikibidi. Lakini ukiwa juu pale, angalia vizuri chini, na zungumza na uliyepanda naye. Yeye naye ana treni iliyomwacha.